Mashahidi Wanne wa Saa Mbili Asubuhi

Diploma yangu imetundikwa sebuleni kwangu Ntinda, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Niliipata Dubai, nikisoma siku za mapumziko, na kazi yangu wakati ule ilikuwa kulinda mlango wa jengo la ofisi. Hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Nilianza mlangoni nikaishia kwenye chumba cha seva. Wenzangu waliporudi nyumbani na televisheni kubwa kubwa, mimi nilirudi na kisanduku cha kupokea saa kutoka kwenye satelaiti, na antena yake ndogo kama kikombe. Ndugu zangu wa Kawempe walicheka sana. Waliniuliza kama Uganda saa zimeisha.

Kampuni moja ya kusafirisha mizigo huko Nakasero ilinichukua kwa majaribio, nisimamie mitambo ya mtandao. Kila asubuhi wafanyakazi waliweka kidole kwenye mashine iliyokuwa kwenye mlango wa juu, na aliyepita saa mbili aliandikiwa barua. Barua ya tatu ilikuwa ya kufukuzwa kazi.

Mama wa mapokezi, Mkongo mwenye watoto wanne, alikuwa na barua mbili tayari. Alikuwa akifanya ishara ya msalaba kabla ya kuweka kidole. Jumatatu moja tulipanda ngazi pamoja, na simu yangu ilionyesha saa mbili kasoro dakika mbili. Akaweka kidole. Mashine ikaandika saa mbili na dakika tisa.

Kabla ya chai barua ya tatu ilikuwa mezani kwake. Mkurugenzi alisema mashine haina kabila wala urafiki, basi haidanganyi, na kwamba Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho. Mama alianza kukusanya vitu vyake kwenye mfuko. Mimi, mgeni wa wiki tatu, nikaingia kwa mkurugenzi nikaomba nichunguze mpaka hiyo Ijumaa. Alinikubalia kama mtu anayempa mtoto redio mbovu aichezee.

Nilichokikuta kilinitia aibu kwa niaba ya fani yangu. Kila kifaa kilikuwa na saa yake. Kamera ya getini ilisema yule mama alipita saa mbili kasoro dakika nne. Mashine ikasema alifika juu saa mbili na dakika tisa. Ngazi zenyewe ni za ghorofa mbili.

Injinia wa nje aliyekuwa akihudumia ofisi, mwenye digrii na gari, alipoitwa aliangalia zile picha akasema labda mama alilala ngazini. Watu wawili wakacheka. Nikamuuliza mashine inachukua saa wapi. Kwenye seva, akajibu. Na seva? Akaeleza kwamba aliiweka kwa mkono siku ya kwanza, akifuata saa ya ukutani kwa Mzee, yaani mkurugenzi.

Ofisi nzima ilijua habari ya saa hiyo. Mkurugenzi alikuwa ameisogeza mbele dakika kumi tangu alipofungua kampuni, ili watu wawahi. Lakini hakuna aliyejua kwamba dakika hizo zilikuwa zimeingia kwenye mashine, na seva ilipoachwa peke yake ikaongeza moja ya kwake.

Injinia akasema dawa ni rahisi: tuielekeze seva kwenye chanzo kimoja cha saa cha intaneti, tumalize. Nilikataa mbele yake. Wachimba barabara wakikata waya, chanzo hicho kinapotea na saa zinaanza kutangatanga. Na kikikosea, nani atajua? Ukiwa na vyanzo viwili na vikagombana, bado hujui mwongo ni yupi. Vikiwa vinne, mwongo anabaki peke yake, na mmoja akizimika bado wanabaki watatu wa kuamua.

Nikachagua vitatu vya mtandaoni vyenye wenyewe tofauti, na cha nne kile kisanduku changu, ambacho hakihitaji waya wa mtu. Injinia alitaka antena ikae dirishani. Jengo la jirani lingeizibia mbingu. Nilipanda mwenyewe juu ya paa, nikawafukuza kaloli, wale ndege wakubwa wa majalala, nikaifunga mahali palipo wazi pande zote. Kufikia Alhamisi seva, ruta, kamera na mashine ya vidole vilikuwa vinasoma saa ileile, na vyanzo vyote vinne vilikubaliana.

Ijumaa tulikaa ofisini kwa mkurugenzi: yeye, injinia, mama na mimi. Nikaeleza kila kitu. Mkurugenzi aliitazama saa yake ya ukutani.

"Kwa hiyo kijana, unaniambia saa yangu ni mwongo."

"Mzee, saa yako ni kiboko cha kuwaamsha watu, na imefanya kazi yake. Lakini kiboko hakitoi ushahidi."

Injinia alikohoa. Mzee akauliza zile barua zinakuwaje. Nikamwekea hesabu mezani: ukitoa dakika kumi na moja, barua mbili mama alikuwa amewahi. Ile moja iliyobaki sikuwa nimejua niisemeje, kwa sababu hata ukitoa dakika hizo haiponi.

Mama akanitangulia. "Ile ya siku ya mvua nilichelewa. Hiyo muiache."

Mkurugenzi akachukua kalamu, akakata barua mbili kwa mkono wake na kuweka sahihi. Ya mvua akairudisha kwenye faili. Kisha akamwambia mama simu ya mapokezi inalia na hakuna wa kuipokea.

Aliipokea amesimama, mfuko wake bado begani. Alipomaliza kuongea na mteja akatoa kikombe chake, akakirudisha kwenye kabati, akaketi.

Jioni hiyo injinia alinifuata akaomba nimwandikie nilivyopanga vile vyanzo, kwa ajili ya wateja wake wengine. Nilimwandikia ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri. Chini nikaweka jina langu, na mbele yake neno Diploma, nikalipigia mstari.