Siku Alipokuja Mtu wa Nzi

Miaka kumi na saba Kalolaine Vainikolo alikata zabibu kwenye shamba la Rocco, nje kidogo ya Robinvale, bila karatasi hata moja ya kumruhusu. Aliingia Australia kwa viza ya miezi mitatu, kuja kumzika shangazi yake. Maziko yakaisha, mavuno yakaanza, akabaki. Wanawe wawili aliwaacha kwao Ha'apai, visiwani Tonga, kwa mama yake, akawalea kwa simu mpaka wakaota ndevu.

Kwa mkasi hakuwa na mpinzani. Alilitazama shada mara moja tu, akatoa punje mbovu, akalilaza kwenye boksi bila kulichubua. Rocco alilijua hilo, na asijue yeye ajue nani? Mara mbili alileta watu wenye vibali vyao, wakatoroka kabla ya Jumatano. "Bila nyinyi, Kalo, zabibu hizi ningewalisha kunguru," alizoea kusema. Mkewe alipojifungua, Kalolaine ndiye aliyeendesha shamba mwezi mzima, akipokea malori na kuwagombeza madereva. Sikukuu ya Pasaka walimkalisha mezani kwao, na mtu akikukalisha mezani kwake unaamini kwamba anakujua.

Alikuwa na kazi nyingine: kuchungulia barabara. Alikwisha kuona misako miwili, akiyajua magari ya uhamiaji kuliko wote. Akiliona moja, alianzisha wimbo wa maziko, ambao hakuna anayeuimba kazini kwa raha. Hapo kila mtu alitupa mkasi na kukimbilia banda la zamani la pampu, kando ya mto Murray. Komeo la ndani alilitia Rocco kwa mkono wake mwenyewe.

Kaka yake Lisiate, mdogo kwake kwa miaka miwili, alifanya kazi shamba hilohilo kwa mwaka wa nane sasa, naye hana kibali. Siku zote alishika mistari ya mizabibu iliyo mbali na dada yake. Kwa Watonga, kaka na dada wakishapevuka hawalali chini ya paa moja, hawataniani, hawakaziani macho, hawabanani mahali pamoja. Hiyo ndiyo heshima, na asiyekuwa nayo hana kwao. Lisiate alilala kwenye karavani bovu nyuma ya kanisa, ilhali nyumbani kwa Kalolaine kitanda kilikuwepo. Wakitaka kuambiana jambo walimtuma Sela, binti wa binamu yao.

Asubuhi ile ya Machi jua lilikuwa limeanza kuuma.

"Sela, mwambie baba yako mdogo viazi vikuu viko kwenye ndoo. Asikae anaguguna mikate mikavu kama panya."

Sela akaenda, akarudi. "Anasema ameshiba."

"Muongo huyo. Tumbo lake nalisikia toka huku."

"Basi mpelekee mwenyewe, shangazi."

"Na wewe kakate zabibu. Mdomo wako ungekuwa mkasi tungemaliza shamba jana."

Ndipo alipoliona gari jeupe likikunja kutoka barabarani, nembo ya serikali mlangoni, na ndani yake mtu mwenye shati la buluu na kofia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hakungoja kutazama mara ya pili. Akaanza kuimba.

Watu kumi na wanne walijisokomeza ndani ya banda lile, magoti vifuani. Lisiate, aliyetoka mistari ya mwisho, alifika nyuma ya wote. Akafungua mlango, mwanga ukaingia, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ubavuni mwa dada yake. Akainamisha macho. Akarudi nyuma, akaufunga mlango kwa nje, taratibu.

Kalolaine angeweza kusema ingia. Neno lilimfika kooni. Hakulisema, kwa kuwa hata yeye alilelewa kwa heshima ileile, na alidhani kaka yake angejificha kwenye matete.

Alichungulia kwenye ufa wa ubao. Yule mtu wa serikali aliteremka akipiga mluzi. Akatoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akakitundika kwenye mlimau wa Rocco, akaandika kitu, akapanda gari lake akaenda. Alikuwa mtu wa nzi wa matunda! Wao hupita kila mwaka kutundika mitego yao.

Watu walitoka bandani wakicheka mpaka machozi.

"Shangazi, umetukimbiza kwa ajili ya nzi," alisema Sela. "Kesho ukiona mbu si tutavuka bahari?"

Kalolaine naye alicheka, kwa aibu. Kisha akawahesabu. Walikuwa kumi na wanne, yeye akiwemo; asubuhi walikuwa kumi na watano.

Kofia ya Lisiate waliikuta kwenye tope ukingoni. Alama za buti zilishuka mpaka majini, na hazikupanda tena.

Rocco alikuja mbio. Alitazama alama zile, akatazama mto, akajifuta jasho.

"Huyo mtu wa visiwani, Kalo. Anaogelea kama samaki. Sasa hivi yuko ng'ambo anakausha nguo."

"Mto huu si bahari, bosi. Chini umejaa magogo, naye kavaa buti. Piga simu."

"Nikipiga, polisi watakuja. Wakija polisi, na uhamiaji watakuja. Nipe saa moja tu niwaondoe watu."

"Saa moja?" Kalolaine hakuyaamini masikio yake. Ndugu yake yumo majini, na mtu anaomba saa nzima kama anayeomba chumvi.

Alimpokonya Sela simu, akapiga mwenyewe. Rocco hakumzuia. "Haya, ingieni kwenye mizabibu," alisema. "Nitazungumza nao mimi." Kalolaine akatii. Alidhani angezungumza kwa ajili ya Lisiate.

Polisi walikuja wawili, mmoja mwanamke mwenye daftari. Kalolaine, amechutama nyuma ya majani, alisikia kila neno.

"Hapa hajapotea mtu," Rocco alisema. "Wafanyakazi wangu wamekwenda kula. Ni watoto wa mjini, wanachezea simu."

Askari akafunga daftari.

Alifunga daftari! Wakiondoka hawa, mto ule hautaguswa na mtu. Alisimama, akatoka kwenye mizabibu na aproni yake kiunoni.

"Ni mimi niliyepiga. Kaka yangu yumo mtoni tangu saa nne."

Askari akamgeukia Rocco. "Unamjua?"

Rocco alimtazama usoni mtu aliyemwendeshea shamba wakati mkewe yuko hospitali. "Simjui. Hawa hupitapita shambani kuiba zabibu."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini teke hili Kalolaine hakulitegemea hata ndotoni. Akampa mgongo, akamwambia askari yote: Lisiate Vainikolo, miaka arobaini na saba, shati la kijani, aliingilia pale kwenye kofia.

"Kalo, nyamaza!" Rocco alifoka. "Utatumaliza sote."

Askari akafungua tena daftari.

"Umemwita nani?"

Askari hakungoja jibu. Alikuwa ameshashika redio, anaita mashua na wapiga mbizi.

Lisiate walimpata saa kumi jioni, hatua kumi tu kutoka ukingoni, buti limenasa kwenye gogo. Watu wa uhamiaji walikuwa wamekwisha kufika, wa kweli safari hii, na gari lao limewashwa tayari. Kalolaine aliwaomba jambo moja tu, angoje mpaka kaka yake atolewe majini. Walimkubalia.

Walimlaza kwenye nyasi, wakafunua turubai.

"Sogea, mama," askari alimwambia polepole. "Mtazame usoni, tuwe na hakika."

Uso ule hakuwahi kuukazia macho tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Ilimlazimu autazame kwa muda mrefu ndipo aweze kusema ndiye.