Kibet na Ile Super Glue ya Workshop

Wueh! Watu wangu, bado haijaniingia. Kibet, fundi wetu wa vikaragosi hapa Kapsoit, ametuacha jana. Pepopunda. Tetanus, kwa kidonda ambacho hata hakikutoa damu ya maana.

Wengi mnanijua, mimi Akinyi ndiye hushona nguo za vikaragosi wetu. Kibet alikuwa anatengeneza mifupa yao: waya ngumu ya fence, na round bar, zile fimbo za chuma, kwa wale wakubwa wa kubebwa mabegani.

Hakuwa anapima, huyo. Anaingiza round bar katikati ya misumari miwili mikubwa kwenye meza, anavuta polepole, na hapo hapo unaona bega la mtu.

"Akinyi, shika hapo. Usicheke, itateleza!" Na ni yeye alikuwa ananichekesha.

Workshop yetu haina plasta. Waya ikikudunga, unaweka tone la super glue juu ya shimo, unapuliza, unaendelea na kazi. Sisi wote tulifanya hivyo. Tuliona ni ujanja.

Siku ile ya kidonda tulikuwa tunajenga kikaragosi cha bibi mzee mrefu, cha show ya shule. Waya ilitoka kwa boma la ng'ombe, na kutu yake yote. Ikaruka, ikamdunga kiganja, ikanidunga na mimi kidole.

Tukacheka. "Deadline ni Friday, madam," akasema, akanipitishia glue.

Wiki iliyofuata akakataa mahindi choma. Kibet, akatae mahindi! Akasema taya imekaza, labda ni jino. Alikuwa anaongea meno yakiwa yamefungana.

Alipolazwa hospitali, tuliambiwa tuvue viatu tusipige kelele. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa, kwa sababu mwanga ukiingia au mlango ukigongwa tu, mwili wake unakaza wote na mgongo unapinda. Mama yake alilia akiwa ameziba mdomo na leso, asimsumbue. Sijawahi kuogopa hivyo.

Na guys, bado naogopa. Glue iko kwa kidole changu mpaka leo. Asubuhi nimekunywa chai nikahisi taya nzito, nikaacha kikombe, nikatoka nje nikilia. Ni uchovu? Ni hofu tu? Sijui.

Mtauliza kwa nini sikuenda sindano ya tetanus mapema. Niliogopa kuambiwa ndiyo, na mimi ninayo.

Sasa niko dispensary. Nesi ameniuliza nilidungwa lini. Nikamwambia. Akasema, "Fungua mdomo, mama."

Nikafungua. Akaangalia, akabonyeza taya zangu huku na huku, akaenda kumwita daktari. Ameniambia nikae hapa kwa benchi, nisiende nyumbani kwanza. Naandika haraka haraka, mnisamehe typos.

Watu wa jua kali, tafadhali. Wachomeleaji, mafundi wa mabati, nyote. Kama umedungwa, osha hicho kidonda, nenda sindano leo. Si kesho. Super glue ni ya viatu.

Kibet, kongoi mising, asante sana. Uliwapa watoto wa huku kwetu vitu vya kuwachekesha, na mimi ulinipa kazi nikiwa mgeni sijui mtu. Jumamosi wanakupeleka nyumbani Ndanai. Nataka kuwa hapo, nimesimama kwa miguu yangu, nikikuimbia na mdomo wazi.

Daktari ndiye huyo anakuja.

Ulale salama, rafiki yangu. Lakini usiningoje.