Kisu chenye Dira

Nilipasua korosho bichi kwa kisu kipya, nikakifuta kwenye suruali, kisha nikamenya papai kwa kisu hichohicho na kulila vipande vipande kutoka kwenye ncha. Mtu aliyezaliwa Masasi anajua tangu utotoni kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Hata mimi nilijua. Ila kisu kilikuwa kipya, nikataka kuona kama kinakata.

Kilikata. Jioni midomo ilikuwa imevimba kama maandazi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nilitakiwa Newala kumposea mpwa wangu, mtoto wa dada. Kwetu msemaji wa posa ni mjomba, na mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu. Wenye binti walishatudokeza kwamba kuna mwingine, wa Tandahimba, naye anapiga hodi.

Kisu chenyewe nilikipata kwa muuzaji anayetandaza vitu vyake kwenye turubai karibu na stendi. Kinakunjwa, kina filimbi, na kwenye mpini kina dira. "Hiki ni cha watu wa porini, kaka," aliniambia. Pori langu ni shamba la nyuma ya nyumba. Nikisimama katikati yake naliona bati la choo changu. Nikakichukua.

Si kwamba sina visu. Nina panga alilonifulia mhunzi wa Lisekese kwa springi ya gari. Zito, la kupogolea mikorosho, na sauti yake kwenye tawi kavu hunipendeza kuliko redio. Nina nyengo ya kufyekea vichaka, ambayo mke wangu huitumia zaidi yangu. Halafu kuna kile kifupi cha kipande cha msumeno, mpini wa mpingo, ubapa umelika katikati kwa kunolewa. Hicho ni cha muhogo. Nikikaa kivulini nacho, ganda linatoka refu bila kukatika, na naweza kumaliza tenga zima bila kukumbuka kuinuka. Na kingine, kibovu cha makusudi, kimefungwa kitambaa chekundu: cha korosho tu, hakiingii jikoni. Kitambaa nilikifunga mimi mwenyewe.

Ijumaa nikaenda kwa bibi jirani kuomba mafuta ya nazi ya kupaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekupiga?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Na kile cha kitambaa chekundu?"

"Kilikuwepo."

"Mtakwenda kuposa na midomo hiyo?"

"Itashuka."

Haikushuka. Asubuhi ya Jumamosi dada aliniangalia, akajifunga kitenge. Basi lilipomaliza kupanda mlima akanigeukia. "Kaka," akasema, "ongea kidogo tu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianzia kwa babu yetu na ilikuwa na vichekesho vitatu. Mbele ya wazee wa binti nikatoa salamu, nikasema tumekuja kwa kheri, kijana wetu analima, haibi, hanywi, tunaomba. Hapo midomo ikawaka, nikanyamaza. Nikainamia mkeka.

Baba wa binti akamgeukia ndugu yake. "Huyu wa leo ana adabu. Yule wa Tandahimba mjomba wake alisema mpaka chai ikapoa."

Wakakubali.

Nimeirudisha korosho kwenye kisu chake cha kitambaa chekundu. Kile cha dira nakitumia kukatia kamba za magunia, na mara mojamoja naangalia kaskazini ni wapi; ni kwa bibi jirani. Siku ile niliporudi nilipita kwake kumpa habari njema, nikaanza kumweleza jinsi nilivyowateka wazee kwa utulivu wangu. Alisikiliza huku anapepeta mchele, kisha akasema: "Hicho kisu usikitupe, mwanangu. Mdomo wako ulikuwa unahitaji kuvimba tangu zamani."