Vidude Vitatu vya Oksijeni

Mimi sijui kuogelea, na niliseme hilo mapema. Ni mtoto wa Dagoretti, maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya bwawa la ng'ombe, na hata hayo mama alituchapa tukiyasogelea. Halafu nikaenda nikaoa msichana wa kwetu kwetu, jirani kabisa, aliyesomea mambo ya samaki akaishia kufanya kazi chini ya bahari. Watu wa nyumbani hawakuchoka kuniuliza, "Kwani huko chini ameangusha nini?"

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, yeye alishinda Pwani majuma mengi, mimi nimebaki Nairobi na watoto na kazi ya ofisi pale Kilimani. Alikuwa akichunguza samaki fulani waoga, wanaotoroka wakiona mapovu. Kwa hiyo alipiga mbizi na mashine isiyotoa mapovu. Pumzi unayoitoa inapita kwenye chembechembe nyeupe zinazoisafisha, inaongezwa oksijeni kidogo, unaivuta tena. Ndani yake mna vidude vitatu, kila kimoja kama betri nene ya tochi, vya kupima hiyo oksijeni. Vikikudanganya, unalala huko huko bila hata kujua umelala. Aliniambia hayo asubuhi moja akipaka mkate siagi, ametulia kabisa, na mimi chai ikanishinda.

Basi kidude kimoja kikafa. Bila vitatu vizima hashuki, hiyo ilikuwa amri yake mwenyewe, na samaki wake walikuwa karibu kutaga. Wakishataga wanatawanyika, na kazi ya miaka miwili ingebaki na pengo mahali penyewe hasa. Akanitumia kile kilichokufa kwa basi, akaniambia, "Baba watoto, nitafutie cha kufanana na hiki. Na ukipime. Kikiwa hewani tu, mita ya umeme isome tisa au zaidi. Chini ya tisa usikichukue."

Nikazunguka. Duka la michezo kule Karen walinitolea miwani ya kuogelea ya mtoto. Fundi wa redio mjini alitaka kukifungua kwa bisibisi. Mwishowe nikaelekezwa ghorofani, nyuma ya River Road, kwa Mswahili mmoja wa Mombasa aliyeuza vifaa vya oksijeni vya hospitali, mipira na barakoa na vichwa vya mitungi. Alikigeuza kidude changu mkononi, akakisoma maandishi, akasema shemeji yake aliyeko Dubai atakipata. Na kweli, baada ya muda akanipigia simu. Vimefika vitatu, vimefungwa kimoja kimoja ndani ya karatasi ya rangi ya fedha.

Sasa, Nairobi hununui balbu bila kuiona ikiwaka. Muuzaji mwenyewe ndiye anayeichomeka pale kaunta, kwa sababu ukishatoka mlangoni hakuna anayekujua. Nikamwambia tujaribu hapa hapa. Nikararua karatasi, nikagusisha waya za mita niliyokuja nayo. Nane na kitu kidogo.

"Hiki kibovu," nikasema.

"Ndugu yangu, kimefungwa toka kiwandani. Umekifungua kwa mkono wako."

"Lete kingine."

Cha pili, nane na kitu. Cha tatu, hivyo hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuficha. Nikapaza sauti hadi wateja wa duka la pili wakachungulia. Nikamwambia mke wangu atapumua kwa vitu hivi, si redio hii, si pasi, na yeye ananiuzia takataka kwa kuwa nimekuja na suti. Nikamwita mwizi. Ndiyo, mwizi, mbele ya watu.

Yule bwana alikaa kwenye kiti, akaviangalia vidude vyake vitatu vilivyoraruliwa karatasi, kisha akaanza kumlaani shemeji yake polepole. "Wallahi, nimempa dada yangu mtu huyu. Nimempa kwa mkono wangu." Hapo nikaona kumbe naye ameumia kama mimi. Nikampigia mke wangu kumwambia safari yake imekufa.

Akanisikiliza. Akauliza, "Uko wapi?"

"River Road."

"River Road iko wapi?"

"Wewe mwanamke, huu si wakati wa mchezo!"

"Iko Nairobi. Na Nairobi iko juu, hewa yenu nyepesi. Kidude kinapima kilichopo. Ukikishusha huku baharini kitasoma kumi." Halafu akasema, "Pole, nilisahau kukwambia. Mimi huvipimia huku siku zote. Mmefungua vingapi?"

"Vyote."

"Vyote! Vikishapata hewa vinaanza kuzeeka, jamani!" Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikasimama pale na simu sikioni, uso unaniwaka.

Nilivinunua vyote, ningefanyaje. Nikamwomba radhi yule bwana. Akasema mimi nimemtusi mara moja tu, lakini yeye amemtusi shemeji yake hadi babu zake, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kazi ya kuomba radhi. Jioni ile vidude vikapanda basi la Mombasa. Kesho yake mke wangu akaniandikia, kumi na kidogo, vyote. Angeshuka Jumamosi.

Jumamosi nikamkaribisha yule bwana Kenyatta Market tule nyama. Aliuliza kwanza nani amechinja, akaridhika, akaketi. Mbavu zikaja moto, na kachumbari, na ugali. Hakuna aliyekula. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba hata wale walioko kwenye boti hawaoni kitu. Mzamiaji wa kawaida unafuata mapovu yake, unajua yuko hai. Yeye anashuka na maji yanabaki maji. Yule bwana alipindua simu yangu pale mezani mara kadhaa, kuangalia kama ina mtandao. "Huwa wanakaa sana?" akaniuliza. Nikamwambia mashine hiyo inakaa sana. Akasema, "Basi tusubiri," na kuagiza chai ambayo pia haikunywewa.

Simu ikalia. Nikaikamata kwa mkono wa mafuta ya ubavu niliokuwa nimeushika bila kuula. Kulikuwa na upepo, halafu sauti yake, anapanda kutoka ufukoni na mzigo mgongoni, anahema. Wametaga, alikuwa akisema, wametaga mbele ya macho yangu, hawakuniogopa kabisa. Maneno yalikatikakatika kwa ule upandaji, na katikati ya maneno nilimsikia akivuta, akitoa, akivuta. Nikaibana simu sikioni.

"Anasemaje?" yule bwana akanivuta shati. "Bwana, anasemaje?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Anapumua."