Kadi ya Mama Iliyovalishwa Kava

Nitaanza na yule msimamizi wa makeshia, kwa sababu ndiye rahisi kumchukia. Alikuwa na tai fupi, viatu vilivyochongoka mbele, na ile tabia ya kushika kitu cha mtu mzima kwa ncha za vidole viwili kana kwamba kimeokotwa mtaroni. Alichokishika hivyo kilikuwa kadi ya benki ya mama yangu. Miaka miwili imepita, na bado nikipita mbele ya supamaketi ile, hapa Kakamega mjini, nasikia moto kifuani.

Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza huko Matungu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila muhula ulipofunguliwa, kabla hajagusa a, e, i, o, u, alianza na kava. Kitabu kisicho na kava hakikuingia darasani kwake. Asiye na uwezo alitumia gazeti, mwenye uwezo kidogo akatumia karatasi ya kaki, na yule ambaye baba yake alikuwa na kazi kiwandani akaongeza nailoni angavu juu yake. Sisi watoto wake tulikaa mezani jioni nzima tukikunja pembe, na ole wako uzikunje ovyo! Aliamini, na angali anaamini, kwamba karatasi uliyopewa na ofisi ni amana, na amana huvalishwa. Kitambulisho chake kina kava. Kadi yake ya kliniki ina kava. Cheti cha ndoa yake na marehemu baba yangu kina kava mbili.

Kwa hiyo benki ilipompa kadi mpya, ile yenye kidude cha rangi ya dhahabu upande mmoja, alifanya kile alichofanya maisha yake yote. Alikata nailoni, akakunja pembe, akabandika selotepu kwa mstari ulionyooka kuliko barabara nyingi za kaunti hii. Nilimwona. Nilikuwa nimeketi naye nikinywa chai, na sikumkataza. Nakumbuka hata nilimsifu.

Na kwa miezi mingi kadi ile ilifanya kazi, jambo ambalo watu waliocheka siku ile hawakulijua wala sikujisumbua kuwaambia. Supamaketi ilikuwa bado na mashine za zamani. Keshia alichukua kadi, akaipitisha kwenye ufa wa ubavuni, chwaa, karatasi ikatoka, mama akatia sahihi. Nailoni ilikuwa nyembamba na ule ufa haukuijali. Palikuwa hata na keshia mmoja ambaye kadi ikimsumbua aliizungushia kipande cha nailoni kwanza ndipo akaipitisha, akiapa kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Kwake yeye, kadi ya mama ilikuja ikiwa imeshatibiwa.

Halafu ile sahihi. Mama aliweka mkoba chini, akavaa miwani, akaandika majina yote, lake la ubatizo, la baba yake na la mume wake, kwa mwandiko wa ubaoni. Foleni ingojee. Makeshia waliomzoea walimpa kalamu zao nzuri. Pesa za simu hakuzitaka, maana mlaghai aliwahi kumpigia akidai ametumiwa hela kwa makosa, azirudishe upesi, naye kwa uaminifu wake akarudisha kitu ambacho hakikuwahi kufika. Tangu hapo alisema pesa yake ya uzeeni itatoka kwa mkono wake na kwa jina lake.

Yafaa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Baba ndiye aliyeshika pesa zote za nyumba yetu mpaka siku aliyokufa, za miwa na za mshahara wa mama pia. Mama alifundisha watoto wa kata nzima kusoma, na bado akitaka kitambaa cha kichwa ilibidi aombe. Kadi ile ilimpa, akiwa na miaka zaidi ya sitini, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: kuingia dukani, kuchagua anachokitaka, kukilipia na kuondoka bila kumweleza mtu. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwangu mjini, tukaenda pamoja, nami kazi yangu ilikuwa kusukuma troli tu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake akina mama wa kanisa lake walikuwa waje nyumbani kwake kuomba, na mama alikuwa amekusudia wanywe chai kutoka kwenye chupa mpya. Alichukua nusu saa kuichagua. Alifungua vifuniko, akanusa ndani, akagonga matako ya kila chupa kwa kidole, mpaka akaamua ile nyekundu yenye maua. Akaongeza vikombe kumi na viwili. Nilimtania kwamba akina mama hao watamaliza maombi haraka wapate kuishika hiyo chupa. Alicheka sana.

Tulipofika kwenye kaunta tukakuta mashine mpya, na keshia mpya pia, msichana mwembamba mwenye kucha ndefu. Alichukua kadi, akaisukuma kwenye tundu la chini la mashine. Ikakataa kuingia.

"Kukhu, hii haiingii," alisema, akimwita mama bibi kwa heshima ya kwetu.

"Haiingizwi, mwanangu. Ipitishe hapo pembeni. Mimi napitishanga hapa kila mwezi."

"Siku hizi hatupitishi. Mashine inasoma chipu."

Akaipitisha ubavuni hata hivyo, ili kumridhisha. Mashine ikalia na kuandika kwamba kadi iingizwe. Akasukuma tena chini, nailoni ikajikunja, mwanamume nyuma yetu akafyonya. Jamani, ilikuwa imebaki sentensi moja tu! "Kukhu, toa hii nailoni." Mtoto wa chekechea angeisema. Badala yake yule msichana akainua mkono na kumwita msimamizi.

Ndipo akaja mwenye tai. Akaishika kadi kwa vidole viwili, akaiinua kwenye taa.

"Hii kadi ilitengenezwa na nani?"

"Benki," mama alijibu.

"Benki haitoi kadi na selotepu. Kitambulisho kiko wapi?"

Mama akatoa kitambulisho. Nacho kina kava, pembe nne zimekunjwa sawasawa. Msimamizi akavitazama vyote viwili kama mtu aliyekamata magendo.

"Na hiki pia? Mama, hapa tumeletewa kadi za wizi mara nyingi. Askari, hebu kuja."

Askari alikuwa mzee wa watu, rungu mkononi, na aibu ilimshika kabla hajafika. "Mama, ngoja kirogo tu," alisema, "tuangarie."

Sasa laini nzima ilikuwa ikitutazama. Mama akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake ya kufikia dawati la nyuma, "Mimi ndiye niliyeivalisha kava, isichafuke. Kitu cha ofisi hakiachwi uchi."

Watu wakacheka. Hawakucheka wote, na nadhani wengine hawakucheka kwa ubaya, lakini kilikuwa kicheko, na kilifika mpaka kwenye rafu za sabuni. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mwenye tai. Nilikuwa nayo tele, yako tayari kwenye ulimi, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Waulize majirani zangu. Lakini nilimgeukia mama.

"Mama! Nani alikuambia kadi ya benki inavalishwa kava? Kwa nini unatuaibisha mbele ya watu?"

Nikamnyang'anya msimamizi kadi, nikairarua nailoni kwa meno. Nikatema vipande vya selotepu sakafuni, mbele yake, yeye aliyeibandika kwa subira. Kidude cha dhahabu kilitokea kikimetameta kama siku kilipotoka benki.  Mama alikuwa akitazama vile vipande.

Keshia akaiingiza kadi, ikaingia. Akamsogezea mama mashine abonyeze namba ya siri. Mama namba anaijua, kichwa chake hakina kasoro, ila macho yake yalikuwa bado kwenye vile vipande sakafuni. Akabonyeza vibaya. Mara ya pili akabonyeza sawa, lakini akaichomoa kadi mapema, kama tulivyozoea zamani kurudishiwa mara moja, na keshia akapiga kelele, "Usitoe! Usitoe, kukhu!" Nyuma yetu mtu akasema kwa Kiswahili safi kabisa kwamba wazee wangeletewa vitu nyumbani.

"Nipe hiyo namba nibonyeze mimi," nilisema.

Alinitajia sikioni. Nikabonyeza. Mashine ikakubali, karatasi ikatoka. Mama akafungua mkoba, akavaa miwani.

"Nitie sahihi wapi?"

"Hakuna sahihi siku hizi, kukhu," msichana alisema, na tayari alikuwa ameushika mkate wa mteja wa nyuma.

Nje mvua ya alasiri ilikuwa imeshika kazi yake. Tulisimama barazani na mifuko yetu tukingoja ipungue. Mama ananiita mayi, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akafungua mkoba tena, akanipa ile kadi.

"Mayi, shika wewe. Namba unaijua."

Nikaichukua. Laiti ningalisema hapana! Nilikuwa nimechoka, bado nina hasira, na ukweli ni kwamba niliona nafuu. Niliwaza kwamba sasa mambo yatakuwa mepesi. Niliitia kwenye pochi yangu, tukaondoka.

Jumatatu nilirudi supamaketi peke yangu. Kwa usiku mbili nilikuwa nimepanga hotuba. Nilimkuta mwenye tai, nikamfokea mpaka makeshia wakaacha kazi. Nilimwambia amemdhalilisha mwalimu, mjane, mama wa watu, kwa sababu ya kipande cha nailoni. Nilimwambia mwenye akili angeuliza kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akasema kwa upole ambao sitamsamehe kamwe:

"Madam, mimi niliuliza kadi ni ya nani. Hiyo ni kazi yangu. Aliyemgombeza mama yako ni wewe."

Nyani haoni kundule. Nilitoka pale, na hasira niliyoingia nayo nikatoka nayo imeongezeka, sema tu imepoteza pa kwenda. Ningependa kusema mashine ndiyo yenye makosa. Nimewahi kusema hivyo kwa marafiki, kwamba vitu hivi vinaletwa bila kuwafikiria wazee, na ni kweli, havifikiriwi. Ningependa kusema ni msimamizi, au keshia mwenye kucha, au yule aliyefyonya. Wote hao hawajui mama alikotoka. Mimi nilijua. Mimi peke yangu katika laini ile yote nilijua kwamba mwanamke huyu aliomba pesa yake mwenyewe kwa mumewe maisha yake yote, na ni mimi niliyempiga kwa maneno.

Nimejaribu kumrudishia kadi. Mara ya kwanza aliisukuma juu ya meza ikanirudia. "Kaa nayo, mayi. Nikihitaji nitasema." Mara ya pili nilimwambia twende pamoja, nitasimama mbali, atabonyeza mwenyewe, na akikosea wangoje. Alisema miguu inamuuma. Mara ya tatu nililia, naye akanibembeleza, akaniambia nisijali, mashine za siku hizi zinataka vijana. Nina miaka arobaini na minne. Kila mwisho wa mwezi nampelekea vitu Matungu, na risiti nampa, naye haisomi.

Jumapili iliyopita nililala kwake. Asubuhi alikuwa amevaa sare yake ya kanisa, amejipaka mafuta, na jirani amekuja wafuatane. Niliona anachelewachelewa. Akamwambia jirani atangulie, atamfikia njiani. Jirani alipofika kwenye geti, mama akanisogelea, akashusha sauti.

"Mayi, nisaidie mia mbili ya sadaka. Nitakurudishia."

Nilimpa. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama alivyokuwa akipokea kwa baba.