Kambi Inayokatiwa Tiketi

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo kichwa hunizunguka, nisijue nicheke au nilie. Nimesikia unajiandaa kwenda pwani kutazama majengo ya kale, na simu umekwisha kuijaza chaji kwa ajili ya picha. Basi keti kidogo. Kutembea kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kila aonaye huelewa.

Wakati huo nchi hii ya Uganda ilikuwa mikononi mwa askari. Baba yangu, Mkenya kama ujuavyo, alikuwa seremala wa mabehewa, tukiishi kwenye nyumba za reli pale Nsambya, Kampala. Nilipomaliza shule akanipeleka kwa treni nikamtembelee shangazi Mombasa. Shangazi alinizungusha kote, vichochoro vya Mji wa Kale na milango yake ya nakshi, na mwisho Ngome ya Yesu. Mtembeza wageni alieleza mengi. Mimi wapi! Nilikuwa nimeshamwona mpiga picha. Nikapanda juu ya mzinga wa kale, nikakaa kama bibi harusi, nikachekelea. Nikarudi Kampala na picha ile, bila neno hata moja la yule mtembeza wageni.

Baba alikuja kunipokea stesheni. Nje ya lango askari walikuwa wakipekua mizigo. Mmoja wao, kijana tu, akaitoa ile picha mkobani mwangu.

"Hii kambi iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Hiyo ni kanisa, afande. Ya Yesu." Maskini, hakuwahi kufika, jina alilisoma katika barua yangu. Na mimi papo hapo nikasema, "Ni ngome."

"Mzee nasema kanisa. Mtoto nasema ngome. Kanisa gani iko na mizinga? Nani nadanganya mimi?"

Hakuna aliyedanganya, mwanangu, na hapo ndipo tulipovurugikiwa sote. Akaniuliza ngome ni ya jeshi gani. Nikasema Wareno. Nikakumbuka Waarabu nao walikuwamo. Tena Waingereza. Nani alimtoa nani, na kwa nini, sikujua. Kwake yeye kila jina nililotaja lilikuwa jeshi jingine linalojipanga mpakani, na Wakenya siku hizo tulikuwa tukitazamwa kwa jicho la pembeni.

"Majeshi tatu!" akamwita mwenzake. Baba akaamriwa avue viatu, akae chini kando ya gari. Kampala nzima ilijua maana ya kuvuliwa viatu kando ya gari: unatiwa ndani, hurudi. Aliyecheka kwenye picha ni mimi, na anayechukuliwa ni baba.

Karibu na lango aliketi Mama Kato, Mganda wa Kisugu aliyeuza kabalagala, vile vikate vya ndizi. Aliacha sinia lake, akaja polepole, akapiga magoti mbele ya yule kijana kama ilivyo desturi yao. Lakini swali aliniuliza mimi, kwa heshima ya Kiganda, nyabo kwa mwanamke na sebo kwa mwanamume.

"Nyabo, ulipoingia huko, ulikata tiketi?"

"Nilikata, mama."

"Na watoto wa shule, na wazungu?"

"Wote walikata."

Akamgeukia kijana. "Sebo, wewe ni asikali. Kambi yako, mutu anakata tiketi kuingia?"

Kijana akaitazama picha, akaigeuza juu chini, kisha akacheka kama mtoto. "Sasa watu natafuta tiketi kuona bunduki yenye kufa? Kwa nini?" Hakuwa akinitega, alitaka kujua. Akaitia picha mfukoni, akamwambia baba avae viatu. Aliitakia nini, sijui mpaka leo.

Mama Kato ndiye aliyemfunga baba kamba za viatu. Kesho yake nikaenda kumshukuru, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka.

"Ulikalia muzinga ukafurahi," akasema. "Uliuliza huo muzinga uliua mutoto wa nani? Kato wangu aliingia kambi bila tiketi, hajatoka. Siku moja watu watakata tiketi kuingia na pale. Watacheka kama wewe?"

Nilidhani uchungu umemvuruga akili. Nani angekata tiketi kuingia mahali watu walipopita mbali wakiinamisha macho?

Lakini aliye juu mngoje chini. Wale askari waliondoka, na Mama Kato naye akatangulia mbele ya haki. Juzijuzi nilikata tiketi, nikaingia handaki mojawapo ambamo askari wale walifungia watu, hapa hapa Kampala. Mbele yangu msichana akajiegemeza ukutani, akatabasamu, akajipiga picha. Nikataka kumkaripia, nikajiona mwenyewe juu ya mzinga, nikamwacha. Nikamuuliza mtembeza wageni majina ya walioletwa pale. Akasema mengi hayajulikani. Nikamwambia nina moja, sijui kama aliletwa hapa au kwingine, lakini atakapowasimulia wengine amtaje: Kato, mwana wa muuza kabalagala. Nililia, sikuona haya.

Nenda basi, mwanangu. Picha piga, sikukatazi. Ila kuuliza si ujinga: uliza kwanza nani alijenga, nani alifungiwa humo, mama yake nani alimsubiri. Usikalie mzinga usioujua. Swali la yule askari bado linanitatiza. Huenda tunakwenda kuona bunduki zilizokufa ili zisifufuke, huenda sivyo. Ukipata jibu huko, niletee.

Mungu akutangulie, akurudishe na macho yako na masikio yako pia. Na kila mlango utakaoingia, akujalie kutoka kwa miguu yako mwenyewe, na viatu vyako mguuni.