Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Saba

Kitabu cha saba kilipofika dukani kwangu Mbalizi, karibu na Mbeya mjini, nilianza kukisoma nikiwa bado nimesimama, maboksi mengine sijayafungua. Kazi yangu ni kuuza madaftari na kalamu na kutoa kopi, lakini riwaya zile ndizo zilizonipa wateja wanaokaa kwenye benchi na kubishana. Kwa vitabu sita tulikuwa tumemfuata mwanamke aliyetelekezwa na mumewe, akaanza kwa kubeba mabanzi kichwani mpaka akamiliki mashine yake ya kupasua mbao. Mwisho wa kila kitabu mume anakuja kugonga mlango, na kila mara anagonga mpaka anachoka, anaondoka. Tulisubiri mlango ule usifunguliwe kama watu wanavyosubiri timu yao ishinde.

Safari hii akaufungua. Na chai akamchemshia.

Nilikasirika, kisha nikajikuta nalia, halafu nikakasirika tena kwa sababu nimelia.

Wiki ile benchi halikukalika. Muuguzi mmoja alikirudisha kitabu chake, akakisukuma kwenye kaunta kwa kidole kimoja. "Dada, hiki mpe mwingine," akasema. "Miaka yote nawaonya binti zangu kwa mfano wa huyu mama, leo ananiumbua." Fundi magari wa Iyunga, ambaye husoma akisubiri vipuri, alisema mwandishi kauza mechi. Lakini mwalimu mmoja mstaafu, mtu asiyesifia ovyo, alisema hakuna kitabu bora kama hiki, kwamba vile sita vya mwanzo vilikuwa hasira tupu na hasira haiwezi kuwa maisha ya mtu. Nilimkubalia muuguzi. Nilimkubalia fundi. Mwalimu alipoondoka nilikuwa nimemkubalia na yeye, nikabaki nyuma ya mashine ya kopi sijielewi hata kidogo.

Yangekuwa mambo ya kitabu tu, ningeyaacha dukani. Tatizo lilikuwa mama yangu, aliyeko kijijini, nje kidogo ya Iringa. Mama hajui kusoma. Vitabu vyote sita nilimsomea mimi nilipokwenda kumsalimia, yeye akipukuchua mahindi, na baadaye akawasimulia wanawake wa jumuiya yao kwa Kihehe. Walikuwa wanakisubiri hicho cha saba kuliko hata wateja wangu. Na mwezi huohuo baba yangu alikuwa amerudi.

Baba alituacha miaka kumi na minane iliyopita. Alivuka kwenda Zambia akaoa huko. Sasa yuko kwa mdogo wake, kilima cha pili kutoka kwetu, miguu imemvimba, na alikuwa ametuma wazee wawili kumwomba mama ampokee nyumbani. Mama aliwaambia waje Jumapili kuchukua jibu.

Mimi sikutaka arudi. Nalisema bila kuficha. Na niliogopa kwamba mama, ambaye kwa miaka yote alimnukuu yule mwanamke wa mbao kuliko alivyomnukuu padri, angesikia mlango umefunguliwa kitabuni naye akafungua wa kwake.

Nilifika Jumamosi mchana, ukungu bado haujapanda.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekileta?"

Hata chai hakuniuliza. Akavuta kapu la mahindi, nikakaa kwenye kigoda, nikasoma. Tulisoma kwa kuruka sehemu za mahakamani, ambazo mama hazipendi, mpaka jua likaanza kushuka. Nikafika ukurasa wa mwisho. Mume anagonga. Macho yangu yakapita kwenye mistari ya kiti na chai, mdomo ukatunga vyake: "Akasimama nyuma ya mlango, akasema, 'Rudi ulikotoka, humu hamna chako.' Akazima taa, akalala."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Rudia."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ukurasa wa mwisho mama husomewa mara mbili. Ndivyo tulivyofanya kwa vitabu vyote, ili aubebe neno kwa neno mpaka kwenye jumuiya. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikajikaza, nikasoma: "Akasema kwa sauti, 'Nenda zako, hapa si kwako tena.' Kisha akaenda kulala."

Mikono ya mama ikasimama juu ya hindi. "Mwanzo hakusema hivyo. Alisema, 'Rudi ulikotoka, humu hamna chako.' Na taa umeipeleka wapi?"

Nikainamia kitabu.

"Haya," akasema, "sasa nisomee kilichoandikwa."

Nikasoma. Komeo linaondolewa, mume anaingia, anavutiwa kiti, anamiminiwa chai, hakuna anayesema kitu. Nikasoma mara mbili bila kuambiwa. Mama akaweka gunzi pembeni.

"Uliogopa nitamrudia baba yako kwa sababu ya kitabu."

"Ndiyo, mama."

Akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hee! Nimelea watoto wanne peke yangu, leo nije niongozwe na mtu wa kwenye karatasi?" Kisha akauliza, "Na huko Mbeya wenzako wanasemaje?"

Nikamweleza habari za muuguzi, fundi na mwalimu. Alisikiliza kwa makini, kama anasikiliza kesi.

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui, mama. Kweli kabisa, sijui."

"Yaani hata wewe hujui," akasema, "lakini mimi ulishanichagulia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele yake tangu nikiwa mtoto. Nikamwomba radhi. Halafu, kwa kuwa sikuweza kujizuia, nikamuuliza kesho atawajibu nini wale wazee.

"Hawakungoja kesho. Walikuja jana, nikawajibu."

"Uliwajibu nini, mama?"

Akachukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua kwa kidole gumba.

"Hilo nalo tunga mwenyewe," akasema. "Si unajua kutunga?"